Kutafiti damu ni fardhi kifaya, nani aibebe?

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Tengeru. Jirani yetu ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa mwaka 2012, inayofundisha shahada za uzamili na uzamivu. Wazazi huniuliza: kijana akipoteza miaka kumi kusomea utafiti wa baiolojia, atakula nini?

Swali hilo si la kubezwa. Lakini tulipime kwa mizani ya sharia.

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Chembe zao nyekundu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa. Chembe hizo hutokana na seli shina zilizomo ndani ya uloto wa mifupa. Ndiyo maana kupandikiza uloto, tiba ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliianza kwa watoto hao mwaka 2023, kunaweza kumponya mgonjwa. Tatizo ni kwamba anatakiwa mtoaji anayelingana naye, hasa ndugu wa baba na mama mmoja, na si kila mtoto anaye. Kumtafutia njia asiye naye ndiyo kazi ya mtafiti.

Wapo wanaohofu kuwa elimu hii ni kuharibu mimba. Hapana. Seli shina za damu huchukuliwa kwenye uloto au damu ya mtu aliye hai, au kwenye kitovu cha mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Tunasoma Suratul Muuminun, aya ya 12 hadi 14, juu ya hatua za kuumbwa mwanaadamu, na takbira zinasikika. Je, baada ya takbira, nani kati yetu anaingia maabara? Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafii na pia tabibu aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni.

Fardhi kifaya ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Basi ni uadilifu gani kumtwisha mzazi mmoja gharama ya wajibu wetu sote? Tunaweka wakfu kwa ajili ya misikiti, na ni kheri. Tuweke pia wakfu wa kumsomesha mtafiti mpaka amalize. Hapo ndipo tutapata uso wa kumwambia mzazi: mruhusu mwanao.