MJENZI WA MNARA NA GUNIA LA MAKALA



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatuonyesha mtu mmoja atakaye kujenga mnara. Mtu huyo haanzi kwa kuchimba msingi. Aanza kwa kukaa kitako na kuhesabu fedha zake, apate kujua kama zitatosha mpaka mwisho. Kwa maana yule asiyehesabu huishia msingini, na wapita njia humcheka. Katika mtaa wetu wa Bungulu mmekwisha kuona nyumba za namna hiyo: kuta nne za matofali, majani yameota ndani, na mwenyewe hupita upande wa pili wa barabara asije akaulizwa.

Bwana alisema neno hilo kwa ajili ya wale watakao kumfuata. Wewe uliyeomba ubatizo ndiwe mjenzi. Siku ile utaulizwa kama wamkataa Shetani na kazi zake zote, nawe utajibu kwa sauti. Lakini Mama Kanisa hakubatizi siku ile ile uliyoomba. Akupa muda mrefu wa mafundisho, ili ukae kitako na kuhesabu: ni mazoea gani yataachwa, na lini, na kwa msaada wa nani. Kusudi lisilo na njia ni ukuta usio na paa.

Nalisema hili kwa sababu ya jambo mnalolisikia redioni, nanyi mwaniuliza maana yake: kwamba mataifa yamefanya mipango ya kupunguza moshi wa dunia. Moshi gani huo, nao watuhusu nini sisi wa Beni?

Mungu Mwumba aliizungushia dunia hewa. Ndani ya hewa hiyo mna hewa ya ukaa, kidogo sana, nayo hushika joto la jua kama blanketi lishikavyo joto la mwili. Bila hiyo, dunia ingekuwa baridi kuliko tunavyoweza kuvumilia. Mtu aliyelala Lubero usiku ajua kwamba blanketi moja ni neema. Bali umwekee mtoto mablanketi matatu, atatokwa jasho na kulia. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni za hewa mlikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Siku hizi zimepita 420. Nyongeza hiyo yatoka katika makaa ya mawe na petroli yanayochomwa, tena katika misitu inayokatwa na kuteketezwa. Iko na hewa nyingine, methani, yenye nguvu zaidi ya kushika joto. Hutoka katika takataka zinazooza, katika matumbo ya ng'ombe, na hata katika matanuri yetu ya makala.

Atakaye kuona alama asiende mbali. Asubuhi isiyo na mawingu, atazame mashariki mlima Ruwenzori. Mwaka 1906, wasafiri walipoupima, barafu yake ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6. Leo haibaki hata kilomita moja. Wazee waliousimulia mweupe hawakusema uwongo.

Sasa tuje kwenye ahadi. Mwaka 2015, huko Paris, karibu mataifa yote yalikubaliana kila moja litoe mpango wake. Nchi yetu ya Kongo ilitoa wake, na mwaka 2021 ikautengeneza upya: kufika mwaka 2030, itapunguza kwa sehemu 21 katika 100. Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa wengi hudanganyika. Haikusemwa kwamba moshi utapungua kuliko ulivyo leo. Ilisemwa kwamba utakuwa chini ya kiasi ambacho tungefikia kama mambo yangeendelea hivi hivi bila kubadilishwa. Ni kama mtu anywaye vibuyu sita vya pombe, asemaye: nilikuwa naelekea kumi, basi nitanywa vinane. Kuna wema ndani ya neno hilo, lakini mkewe asishangilie mapema.

Tena katika sehemu hizo 21, Kongo ilisema kwamba 19 zategemea msaada wa mataifa mengine, na 2 tu itazitimiza kwa nguvu zake yenyewe.

Hapa najua mtu wa Bungulu atasimama na kusema: Mwalimu, sisi hatuna viwanda. Walioichafua hewa ni matajiri wa Ulaya, Marekani na Uchina. Kwa nini mimi nisongaye bugali juu ya mbabula nihesabiwe moshi wangu?

Neno hilo ni la haki, wala sitalifunika. Katika barua yake Laudato si', ya mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini kwa sababu ya mazingira yaliyoharibiwa. Mkumbukeni Zakayo. Alipotubu hakusema tu kwamba anasikitika. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Wala hakumwambia maskini naye alipe mara nne. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kwamba kufika 2020 zitatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa kazi hii katika nchi maskini. Kiasi hicho hawakukifikia mpaka mwaka 2022. Deni lililoahidiwa mbele ya dunia nzima likachelewa miaka miwili, na sisi tulio mkiani mwa foleni twajua kuchelewa maana yake nini.

Lakini deni la Zakayo halimzuii maskini kufagia nyumba yake. Moshi wa Kongo, tofauti na wa Ulaya, watoka zaidi katika misitu inayoanguka kuliko katika viwanda. Huanguka kwa mashamba, kwa mbao, na kwa makala. Na zaidi ya jamaa tisa katika kumi nchini hupika kwa kuni au makala. Basi hizo sehemu 2 zisizongoja mtu ziko katika majiko yetu. Tukae kitako tuzihesabu.

Tuseme mama mmoja atumia gunia moja kwa mwezi, na gunia lina kilo 40. Kwa mwaka ni magunia 12. Mchoma makala wa desturi, afukiaye kuni mbichi chini ya udongo na kwenda zake, hupata kilo moja ya makala katika kilo kumi za kuni, au zaidi kidogo. Kwa hiyo kila gunia lilikula kilo 400 za mti, na mwaka mzima wa mama huyo ni kilo 4,800. Sehemu kubwa ya hizo haikupika kitu, iliruka angani.

Hatua ya kwanza ni mbabula. Yako majiko ya chuma yenye ukuta wa ndani wa udongo uliochomwa; Wakenya waliyaeneza tangu miaka ya 1980. Udongo ule huzuia joto lisitoroke pembeni, hata jiko hutumia theluthi moja pungufu, pengine nusu. Tuchukue theluthi: magunia 12 yamekuwa 8. Anayekosa fedha ya jiko asikae bure. Aloweke maharagwe usiku kucha, afunike chungu, azime makala yaliyobaki kwa majivu. Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe, katika barua ile ile, hakuona haya kutaja mambo madogo kama kupika kiasi kitakacholiwa, na kupanda miti.

Hatua ya pili ni tanuri. Kuni zikaushwe kwanza, kwa maana kuni mbichi hula moto wake ili kukausha maji yake. Zipangwe zibanane, pasiwe na mianya. Tanuri lifunikwe sawasawa, liwekewe bomba la bati la kutolea moshi, kama wafanyavyo Casamance nchini Senegali, na mchomaji alilinde usiku na mchana. Akifanya hivyo aweza kupata kilo moja katika kilo tano. Basi magunia 8 ya mama yule sasa yala kilo 200 kila moja: kilo 1,600. Kutoka 4,800 tumefika 1,600, na chungu ni kile kile, na sombe ni lile lile. Mimi hesabu hii yanifurahisha kuliko hotuba nyingi.

Hatua ya tatu ni mti wenyewe, na hapa twahitaji uvumilivu wa Yosefu mwana wa Yakobo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, chaeleza jinsi alivyomshauri Farao kutenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Sehemu ya tano ni 20 katika 100. Karibu sawa na ahadi ya Kongo. Lakini Yosefu hakutaja kiasi peke yake. Alitaka wasimamizi nchini, na ghala katika miji, na kazi ianze mwaka wa kwanza, si wa saba. Mkaratusi wa makala nao wataka miaka kama saba. Mche utakaoupanda sasa, mwaka 2030 bado utakuwa mchanga. Ndiyo sababu mwenye hekima huhesabu akirudi nyuma: nataka makala mwaka fulani, kwa hiyo napanda mwaka fulani, kwa hiyo mbegu naitafuta msimu huu. Tangu 2007 chama cha WWF kiliwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala, ili mbuga ya Virunga isimalizwe. Mpango ule uliitwa EcoMakala. Yafaa kuiga, ila msipande mkaratusi karibu na chemchemi, kwa maana hunywa maji kwa pupa. Huko pandeni miti ya asili.

Umeme je? Umeme wa maji ni jambo jema, na huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mtambo ulianza mwaka 2013. Lakini kupikia maharagwe umeme bado ni gharama kwa wengi wetu. Hiyo ni hatua ya serikali na wahandisi. Tuidai, bila kuacha mbabula mbovu kwa kuingoja.

Limebaki jambo zito. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wameuawa vijijini na mashambani mwao, na wengi wamekimbilia kwetu. Mwanamke asiyethubutu kufika shambani pake, nitamwambiaje apande miti huko? Na mkimbizi mwenye sufuria moja, nitamwambiaje apunguze? Sitamwambia. Mjenzi huhesabu fedha alizo nazo, wala hahesabu za jirani. Mpango unaomtuma mtu msituni auawe si mpango wa Kikristo, hata kama tarakimu zake zimekaa vizuri. Wenye kiwanja salama, na parokia zenye ardhi, na shule zetu za misioni, hao ndio waanze kupanda. Na miche ya kwanza ikikomaa, sehemu ya makala iende kwa jamaa za wakimbizi.

Basi, kila mkatekumeni asomaye ukurasa huu na kupika nyumbani kwake afanye hivi. Siku gunia jipya litakapofunguliwa, afunge fundo moja katika kamba, na kila jioni aongeze fundo, mpaka makala yaishe. Kamba hiyo ampelekee katekista wake kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio. Katekista ataandika hesabu ubaoni pasipo kutaja majina, kisha shirika lote litachagua hatua moja tu ya mwaka huu, na tarehe yake, na mtu wa kuisimamia. Waliofika kwetu kwa vita hawadaiwi kamba. Waitwe katika hesabu, wakae mbele, nao wapewe neno la kwanza.