Kabla Hujamwita Edurne

Mjukuu wangu, nimeambiwa mtoto akizaliwa wa kike mnataka kumwita Edurne, kwa kuwa mmeliona kwenye simu likawapendeza. Sina ugomvi nalo. Ila jina halichaguliwi kama kanga, kwa kutazama rangi tu. Kaa kitako nikueleze lilikotoka.

Ni jina la Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana miongoni mwa lugha zinazosemwa leo. Maana yake ni theluji: wengi wao husema elur, wa jimbo la Biskaia husema edur. Lakini usidhani limeokotwa mlimani. Limo katika orodha ya majina iliyotungwa na Sabino Arana, mwasisi wa utaifa wa Kibaski, na mwenzake Luis Eleizalde, ikachapishwa Bilbao mwaka 1910, Arana keshafariki. Waliliweka mahali pa Nieves la Kihispania, jina la Bikira Maria wa Theluji, ambaye Wakatoliki humwadhimisha tarehe 5 Agosti. Wapo wanaoyabeza majina hayo kuwa ni ya kubuni. Kwani lipi halikubuniwa?

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Hispania. Tarehe 18 Mei 1938 serikali ya Jenerali Franco, aliyekuja kuitawala Hispania yote, iliamuru majina ya Wahispania yaandikwe kwa Kihispania. Hapo ndipo pa kutulia, mwanangu. Baba anakwenda kusajili, anataja Edurne. Karani anaandika Nieves. Shuleni binti anaitikia jina la kwenye cheti, jikoni mama yake anamwita lile la kwao, tena mlango umefungwa. Watu waliishi hivyo miaka na miaka, mpaka sheria ya Januari 1977 ilipowaruhusu, Franco keshakufa.

Leo wanaitwa hivyo hadharani. Edurne Pasaban wa Tolosa alimaliza kupanda milima yote 14 inayozidi mita 8,000 mwezi Mei 2010. Huyo theluji ameijua kwa miguu yake!

Basi mkilitaka, mpeni, na akikua mweleze haya yote. Lakini umenitajia majina ya ughaibuni kumi, na sijasikia hata moja la kwetu. Kabla hujajaza fomu ya cheti, nenda kamuulize bibi yako mama yake aliitwa nani.