Nani Anatoa Ruhusa Nyumbani?



Mume mmoja wa hapa Minova alitufikia jioni na hasira nyingi. Bibi yake alikuwa amekopa feza, akanunua sambaza, akapanda boti kuziuza Goma, bila kumwomba ruhusa. «Shemasi, mimi si kichwa cha nyumba?» Tukamwuliza nani aliyelipa masomo ya watoto. Akatazama chini: «Ni sambaza.» Tukacheka, na hapo tulikosa, maana yeye hakucheka.

Zamani sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilisema mume ni kichwa cha nyumba na mke anapashwa kumtii. Mke alihitaji ruhusa yake hata kwa kutia sahihi kwenye mapatano yanayomfunga. Mwaka 2016 waliigeuza. Mume alibaki na cheo chake, lakini kwa mapatano ya namna hiyo sasa wote wawili wanapashwa kusikilizana. Wanaume walinung'unika sana. Tunawaelewa: kutii ilikuwa kazi ya mtu mmoja, kusikilizana ni kazi ya wawili! Na sisi wanaume tunajua Waefeso 5:22 kwa kichwa. Mstari wa 21, unaoagiza kila mtu amtii mwenzake, sijui macho yetu huurukaje.

Tulipomwita bibi, alijibu kwa upole: «Kama ningemwuliza, angekataa, ili tu ionekane kwamba ameulizwa.»

Jibu hilo lilituuma, kwa sababu tunamjua yule baba. Ng'ombe zake zilikwisha katika vita iliyoanza 1996. Shamba liko mbali juu mlimani, na si kila siku mtu anathubutu kulifikia. Kitu alichobakiza cha kumpa bibi yake kilikuwa lile neno «ndiyo». Naye bibi alikuwa amepita bila kulichukua. Mwanaume asiye na kitu mkononi anashika ruhusa kwa nguvu kuliko tajiri anavyoshika feza.

Wakasikilizana hivi: bibi atauliza kila mara, na bwana atajibu kabla boti haijaondoka. Tukaomba pamoja, wakaenda.

Tulirudi nyumbani tukijiona kuwa Sulemani. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni.

«Baba,» akasema, «ule mbuzi mweusi yuko wapi?»

Tulikuwa tumemuuza juzi.