Kosa la Barabarani na Fedha za Bima

Tangu dhambi ya kwanza mwanadamu hapendi kusema: Ni mimi. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Mungu alivyomwuliza Adamu, naye Adamu akamtupia mkewe kosa lile. Mke alipoulizwa, akamtupia nyoka. Shauri hilo la zamani lasikika tena kila mara vyombo viwili vinapogongana njiani. Majeruhi hawajainuliwa bado, na wenye vyombo wamekwisha kuanza kubishana ni nani aliyeuacha upande wake.

Ichukuliwe mfano. Kamyo yatoka Kabambare kwenda Kasongo, imepakia mpunga na madumu ya mawese. Ni mwisho wa mvua. Majani yamekuwa marefu kando ya barabara hata mtu haoni mbele penye kona. Pikipiki yaja kutoka upande wa pili, ina watu wawili na mfuko wa chumvi. Zakutana pale pale penye kona. Mwenye pikipiki afa. Abiria wake avunjika mguu. Shofere wa kamyo ni mzima.

Katika nchi ya Kongo kila chombo hufuata mkono wa kuume. Tena tangu mwaka 1973 sheria yamlazimisha kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima, ambayo wengi huiita asiransi. Bima hiyo iliyolazimishwa si ya kutengeneza gari la mwenyewe. Kazi yake ni kulipa hasara ambayo mwenye chombo amemtia mtu mwingine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya shirika moja la Serikali, SONAS. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliruhusu makampuni mengine pia. Lakini shirika likiwa hili au lile, swali la kwanza ni moja: kosa ni la nani? Polisi hupima barabara, huchora mahali vyombo vilipokuwa, huwauliza mashahidi, kisha huandika hati. Kampuni huisoma hati hiyo, na kwa maneno yake familia hupata au hukosa.

Hapo ndipo uongo unapoingia, nao una nyuso mbili.

Uso wa kwanza wajulikana na wote. Shofere ndiye aliyekuwa katikati ya barabara, naye ajua. Lakini marehemu hana kinywa. Basi shofere asema: “Huyu alinijia kama mshale.” Pengine atoa na matabishi kidogo ili mchoro ubadilike. Adhani amejiokoa; kumbe amewanyang’anya yatima chakula chao, kwa maana bima iliwekwa kusudi ilipe kosa kama lake. Akisema kweli, kampuni italipa. Akisema uongo, kampuni itashika fedha zake kwa furaha, na mjane atarudi kijijini mikono mitupu. Hapa hakuna shaka yoyote: amri ya nane imevunjwa, na ya saba pamoja nayo.

Uso wa pili ni mgumu zaidi, nao wastahili kufikiriwa polepole, kwa sababu wafanana na huruma. Safari hii shofere hakuwa na kosa. Alikwenda taratibu, mkono wa kuume, akapiga honi. Mwenye pikipiki ndiye aliyeuacha upande wake. Siku ya tatu baada ya maziko, mjomba wa marehemu amjia nyumbani, aketi, na kumwambia:

“Mwanangu, wewe ni Mkristu. Waona watoto hawa wanne. Sema tu kwamba ulikuwa katikati ya barabara. Asiransi italipa, nawe hutapungukiwa hata faranga moja. Uongo huu utamwumiza nani?”

“Baba,” ajibu shofere, “nipe usiku huu nifikiri.”

Yule mzee si mwovu. Machozi yake ni ya kweli, na njaa ya watoto ni ya kweli vilevile. Mtu anayemcheka hajapata kulea yatima. Hata hivyo swali lake lina jibu. Fedha za kampuni hazikushuka mbinguni. Zimetolewa na wenye vyombo vingi, kila mtu sehemu yake, na wengi wao hawajamgonga mtu hata siku moja. Ni mfuko wa watu wasiojuana, uliowekwa kwa ajili ya wale walioumizwa kwa kosa la mwenye bima. Wanawake wanaocheza likelemba wafahamu jambo hili bila kufundishwa: mmoja akichukua zamu isiyo yake, hata kama mtoto wake ni mgonjwa kweli, mwenzake aliyengoja atakosa. Tofauti ni kwamba katika likelemba mwenye kukosa huonekana uso, na katika bima haonekani. Lakini kutokuonekana hakumfanyi asiwe jirani.

Tena uongo huo hauishi ofisini. Shofere akiandikwa kwamba ameua mtu kwa uzembe, sheria ya jinai yaweza kumfunga, na tajiri wake aweza kumfukuza. Nani atawalisha watoto wake yeye? Na mtoto wa marehemu akikua, ataambiwa kwamba fulani alimwua baba yake. Ugomvi wa namna hiyo hudumu katika ukoo kwa miaka mingi, nao ulizaliwa na neno la huruma.

Je, shofere amwache mjane hivi hivi? La. Aweza kutoa mpunga wake mwenyewe, aweza kuwaomba tajiri na jumuiya yake ya Kikristu wasaidie. Sadaka hutoka katika mali ya mtoaji. Tena abiria aliyevunjika mguu anayo haki ya kudai kwenye bima ya pikipiki, kama ilikuwapo. Pikipiki nyingi za vijijini hazina bima hiyo, na mwenye pikipiki asiyeinunua amekwisha kumkosea abiria wake kabla ya kuwasha moto.

Mara nyingi, lakini, ukweli haumkai mtu mmoja. Kamyo ilikuwa upande wake ila ilikwenda mbio. Pikipiki ilipita katikati ila majani yaliifunika kona. Waisraeli wa kale walijua mashauri ya namna hii. Sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka yataja ng’ombe aliyemwua ng’ombe wa jirani: kama hakuwa na desturi ya kupiga pembe, wenye ng’ombe hugawana hasara, kama mwenyewe alijua tabia yake asimzuie, atalipa yeye ng’ombe mzima. Kwa hiyo mwenye kamyo anayejua kwamba breki zake ni mbovu asijitetee kwa kusema kwamba alikuwa mkono wa kuume. Naye mtu mpole asikiri zaidi ya alivyotenda kwa kuogopa vilio vya msibani, kwa kuwa huo pia si ukweli. Aseme alichoona na alichofanya. Kupima ni kazi ya hakimu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, alifundisha kwamba deni la kurudisha halimpati mwizi peke yake. Lampata pia aliyeamuru na aliyeshauri, na hata aliyenyamaza alipopaswa kusema. Basi shahidi aliyeapa uongo kwa ajili ya rafiki, na polisi aliyeugeuza mchoro, wamo ndani ya deni hilo.

Mkatekumeni aweza kuuliza: Nilisema uongo wa namna hii kabla sijaanza mafundisho, Ubatizo hautaufuta? Ubatizo hufuta dhambi zote na adhabu zake. Lakini haumrudishii mjane faranga zake. Zakeo wa Yeriko, Bwana Yezu alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakusema kwamba furaha ya siku ile yatosha. Aliyemnyima mjane haki yake, amlipe. Akiwa hana, aanze kwa kidogo, gunia moja la mpunga mavuno haya, jingine mwaka ujao. Mjane akiwa amehamia Kindu au Fizi, amtafute. Akiwa amekufa, mali ni ya watoto wake. Na kama ni kampuni iliyodanganywa, naye aogopa kwenda mwenyewe, ampe padri fedha hizo azipeleke bila kutaja jina.