Taa ya Omo na Waya Uliofichwa

Somo: Mathayo 25, 1 hata 13



Mfano wa wanawali kumi twaujua sote tangu darasa la ubatizo. Mara nyingi tumeuhubiri kwa habari ya mafuta: watano walikuwa na akiba, watano hawakuwa nayo. Lakini mwaka huu nimeusoma kwa jicho jingine, kwa sababu ya mashua, na kwa sababu ya usiku mmoja ambao ningependa kuusahau. Nawaandikia habari yake jinsi ilivyokuwa, wala sitajificha ndani yake.

Usharika wetu una mashua ndogo ya tanga, yenye mlingoti mmoja, urefu wake mita 8. Ilijengwa ng'ambo zaidi ya miaka 40 iliyopita, na mgeni aliyekaa kwetu alituachia aliporudi kwao. Twaitumia kuyazuru makanisa madogo ya ufuoni. Ubao wake ni mzima bado, matanga tumeyashona upya, kamba ni mpya. Lakini taa zake na nyaya zake zilikuwa zile zile za zamani.

Ninyi mkaao bara labda hamjui desturi ya taa za baharini, basi nieleze kidogo. Taa za chombo si kama taa za motokaa. Hazikuwekwa ili nahodha aone njia. Tena zikimwangaza machoni humtia upofu. Zimewekwa ili wengine wamwone yeye, wapate kujua yuko wapi na anaelekea wapi. Kwa sheria ya mataifa ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1977, chombo kiendacho kwa tanga huonyesha nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, na nyeupe nyuma, tangu jua kuchwa hata kucha. Kila taa ina pembe yake. Nyekundu huanzia mbele kabisa na kuishia nyuma kidogo ya ubavu, digrii 112 na nusu; kijani vivyo hivyo; nyeupe huchukua digrii 135 zilizosalia. Ukizijumlisha utapata duara zima, wala hapana mahali baharini ambapo mtu atasimama asiione moja yao. Aonaye nyekundu peke yake hujua kwamba ameonyeshwa ubavu wa kushoto. Aonaye nyekundu na kijani pamoja hujua kwamba chombo chamjia yeye moja kwa moja. Ndiyo maana mabaharia husema habari nyingi kwa taa tatu tu, bila kufungua kinywa.

Mwaka jana, wakati wa kusi, nalitoka Pangani kurudi Tanga. Nalikuwa pamoja na mama mmoja na mtoto wake mgonjwa, na kijana wa kwaya anisaidiaye kazi ya kamba. Tulichelewa kuvuka fungu la mchanga kwenye mlango wa mto, maana maji yalikuwa yamekupwa, na jua likatuchwea njiani. Usiku ule haukuwa na mwezi. Nikawasha taa. Ya tezi iliwaka vema. Ya omo, upande wa kijani ulionekana. Upande wa nyekundu ulikuwa kama kaa la moto linalokaribia kuzimika.

Nalijua. Nalijua tangu majuma mengi. Balbu ile naliibadili mara tatu, na kila mara iling'aa siku chache, kisha ikafifia. Nami nalisema moyoni, Safari hii moja tu, kisha nitaitengeneza.

Tulipokuwa tukiukaribia mnara wa Ulenge, meli ya mizigo ilitoka ghubani, ikitujia kwa upande wetu wa kushoto. Maana yake ilipaswa kuiona nyekundu yetu. Kwa sheria chombo cha mashine humpisha mwenye tanga. Lakini atampishaje asiyemwona? Taa ya ubavu ya chombo kidogo kama chetu imepaswa kuonekana umbali wa maili 1 ya bahari, na meli iendayo noti 12 huumaliza mwendo huo kwa dakika 5. Hizo ndizo dakika za taa nzima. Yetu ilikuwa imebakiwa na ngapi, sikuhesabu. Nalichukua kurunzi nikalimulika tanga lote, huku na huku, mikono ikinitetemeka. Ndipo tuliposikia honi yake, milio mifupi mitano, ambayo kwa lugha ya bahari ni kusema, Sielewi ufanyalo. Kisha ikageuka. Mawimbi yake yalituinua na kututupa, mtoto akalia sana.

Bahari ilipotulia mama yule aliniuliza, "Mwalimu, kwani taa zetu hazikuwaka?"

Nikamjibu, "Zilikuwa zinawaka, mama."

Jibu hilo limenisumbua kuliko meli. Lilikuwa kweli, nami nalilitumia kama uongo.

Kesho yake nilimwendea mzee mmoja Mwislamu, fundi wa umeme wa vyombo vya wavuvi, mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Haya, tuione hiyo taa." Nikamwambia kwamba nataka taa mpya, zile za LED, maana nimesikia ni bora. Hakunijibu. Aliuliza tu, "Umebadili balbu mara ngapi?" Nikasema, "Mara tatu." "Na waya?" Nikasema waya ni mzima, wala haukukatika mahali.

Akatoa kipima umeme. Penye betri alipata volti 12 na nukta 6, yaani betri imejaa. Akaenda omo, akapima pale taa ilipofungwa: volti 9. Zilizopungua zilikuwa zimepotea njiani, na balbu za namna ile ya zamani zikipewa volti 9 hazitoi hata nusu ya nuru yake. Kisha akaukata waya karibu na taa na kuumenya. Kwa nje mpira wake ulikuwa mwekundu, laini, unapendeza macho. Ndani shaba ilikuwa nyeusi kama masizi, na pengine kijani. Akakata tena mbele, kiasi cha shubiri: nyeusi. Akakata tena: nyeusi. Tulifika karibu mita moja na nusu ndipo tulipoiona shaba nyekundu.

Nikamwuliza, "Maji yaliingia wapi, na mpira hauna tundu?"

Akasema, "Yaliingia nchani, mwalimu, pale ulipoungwa. Nyuzi hizi za shaba hunyonya maji ya chumvi, kama utambi unyonyavyo mafuta."

Niliposikia neno la utambi nalinyamaza. Nimefundisha habari ya wanawali miaka mingi, wala sikuwahi kufikiri kwamba utambi waweza kunyonya kitu kingine. Tena angalieni, ndugu, Bwana wetu hakusema kwamba wale watano walikuja na taa mbovu. Zote kumi zilikuwa taa. Walipolala, hakuna mpita njia ambaye angewatenga wenye akili na wapumbavu. Walijulikana saa ya kelele ya usiku wa manane, na saa hiyo duka lilikuwa mbali.

Basi tulianza kazi, nayo ilitushika siku nne. Nyaya zote za zamani zilitoka, hata zile zilizopita ndani ya mlingoti, ambazo kila chombo kilipoyumba zilikuwa zikijipiga na kujichubua. Tukaweka za nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati ili chumvi isiile shaba upesi, tena nene kuliko zile za kwanza, ili umeme usipotee njiani. Vichwa vya waya fundi alivibana kwa koleo yake maalumu, akavivika mpira wenye gundi unaojikaza kwa joto. Kusokota kwa mkono na kufunga utepe hakutaka hata kukusikia. Tena kila waya alipouingiza mahali aliuacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia, ili maji yafuatayo waya yadondoke chini pale, yasiingie kwenye kiungo.

Alipofika kwenye fyuzi alinitazama. Mwaka mmoja kabla yake fyuzi ilikuwa ikikatika mara kwa mara, nami kwa kuchoka nalitia kipande cha msumari mahali pake. Nalidhani fyuzi hulinda taa. Fundi alinieleza kwamba fyuzi huulinda waya. Kama nyaya mbili zikigusana, fyuzi hufa kwanza, na kama haipo, waya wenyewe hugeuka moto ndani ya ubao. Ndiyo sababu huwekwa karibu na betri, kiasi cha kiganja tu. Mwenzangu, kama dhamiri yako ilikuwa ikikuchoma na sasa haichomi tena, tazama usije ukawa umetia msumari.

Ya mwisho ikawa taa yenyewe. Balbu za zamani zilikuwa za wati 25, na kwa usiku wa saa 10 kila moja ilikula kama ampea-saa 20 za betri. Hizi mpya zatumia wati 3 hivi. Fundi alikataa kutia balbu ya LED nyuma ya kioo kile cha zamani, maana kijani yaweza kugeuka rangi ya buluu na kuwadanganya wengine, na zile za bei rahisi huivuruga redio. Tukanunua taa nzima yenye alama ya sheria. Kisha alisema jambo ambalo sikulitazamia: "Mwalimu, taa hii yatosheka na umeme kidogo. Kama ningekufungia siku ile ulipoitaka, kwenye waya ule ule, ingewaka vizuri sana. Ungenishukuru. Na kutu ingeendelea kula, mpaka usiku mmoja izime mara moja, bila kufifia kwanza."

Siku zile nalikuwa nimeanzisha sala za jioni, na kwaya ina majoho mapya, na watu walisema usharika umeamka. Nami miaka mitatu nyuma nalimshitaki mzee mmoja wa kanisa mbele ya baraza, kwamba fedha za bati la paa hazikufika zote dukani. Aliacha kazi yake ya uzee kwa aibu. Mwaka uliofuata nalizikuta stakabadhi tatu ndani ya kitabu cha nyimbo ofisini, zote halali, hesabu imetimia hata senti. Nalizirudisha kitabuni. Tangu hapo tulikuwa tukiamkiana mlangoni pa kanisa kila Jumapili, na watu wakituona husema, Tazama jinsi walivyopatana.

Betri haikupungukiwa kitu, ndugu zangu. Volti 12 na nukta 6 zilikuwapo usiku ule wa Ulenge, na neema ya Mungu haikupungua kwangu siku hata moja. Iliishia katika waya niliouficha.

Siku ya Jumatatu baada ya kazi ile nalikwenda nyumbani kwake na stakabadhi zote tatu mkononi. Alizisoma pole pole, moja moja. Akaniuliza nilizipata lini. Nikamtajia mwezi na mwaka. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani ataniambia niondoke. Kisha akamwita mkewe alete chai. Jumapili ijayo nitayasema haya mbele ya baraza na mbele ya usharika. Naye ameniomba kwamba nitakapoyasema, niitaje na tarehe.