Kukesha Kando ya Korongo



Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Injili ya siku ile, kutoka Marko 13, ilitutaka tukeshe. Asubuhi hiyohiyo matope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikaingia mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Mimi niko Mbulu. Nilimpigia rafiki yangu wa Katesh, aliyempoteza mama yake. Nikamwambia, "Pole sana dada, ni mapenzi ya Mungu." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Mungu alitaka mama afie kwenye matope?" Nikasingizia mtandao unakata.

Wengine walisema makubwa zaidi, eti ni adhabu. Lakini Luka 13 inatukumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Yesu alikataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao, halafu akawageukia waliokuwa wakimsikiliza: ninyi mbadilike. Basi swali si marehemu walikosa nini. Swali ni mimi niliyebaki nabadilika wapi.

Hanang ni mlima wa volkano, una zaidi ya mita 3,400. Wataalamu walieleza kuwa sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua kubwa, ikaelemewa, ikaporomoka. Matope yakafuata makorongo. Mvua hizi kubwa, kadiri dunia inavyozidi kupata joto, tuzitegemee tena. Mlima hatuwezi kuuzuia. Pa kujenga tunachagua, ingawa kwa kweli maskini huchagua pale panapobaki.

Sasa sikia. Juzi kaka yangu alikuja na wazo: kuna kiwanja bei poa kando ya korongo, tuchange tujenge vyumba vinne vya kupangisha. "Wapangaji hawakosekani," akasema. Nikamuuliza, "Kaka, wewe ungelala hapo mvua ya Desemba ikinyesha?" Akacheka: "Mimi si nina kwangu?"

Nisijifanye mtakatifu, hela niliitaka. Na kaka ana hoja: tusipojenga sisi, atajenga mwingine, na watu wana shida ya vyumba. Ila shida ya mpangaji hainipi ruhusa ya kumlaza mahali ambapo mimi siwezi kumlaza mama yangu. Nikakataa. Mpaka leo hatujaelewana, na huenda atajenga bila mimi.

Nadhani kukesha ni pamoja na haya. Kabla ya kununua kiwanja, waulize wazee maji yalikuwa yanapita wapi. Katika jumuiya yako, jua bibi yupi hawezi kukimbia na nani atambeba usiku. Rozari mkononi, na njia ya kwenda mahali pa juu iwe inajulikana.

Yule rafiki nilimpigia tena. Safari hii sikumweleza Mungu anataka nini. Nilimwomba anisamehe, nikamsikiliza akinisimulia mama yake.

Ee Bwana, uwapokee marehemu wetu wa Hanang. Utupe macho ya kuona hatari inayomkabili jirani, na moyo wa kukataa faida inayotokana nayo. Amina.