Bajaj Wamenunua Pikipiki Yetu

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii tuliitumia vibaya mwishoni mwa mwaka 2024. Makala haya ni ya kukiri kosa hilo, na pia ya kuuliza swali ambalo bado linatusumbua: mtu anapokipenda kitu kilichotengenezwa na wengine, hasa anapenda nini?

Wengi wenu mnatufahamu. Sisi ni kile kikundi cha watu tisa, wa Tanga, Mombasa, Kisumu, Bukavu na kwingineko, ambao Jumamosi badala ya kuonekana kwenye harusi na arusi-kumbukumbu za watu tunafunga pikipiki kwenye trela huku Blacktown na Mount Druitt, tunaipanda milima ya Blue Mountains, na kwenda kuchezea tope katika msitu wa Sunny Corner upande wa Lithgow, au kaskazini kule Watagan. Watu wa nyumbani kwetu wana maoni yao kuhusu starehe hii, na leo hatutayagusa. Itoshe kusema kwamba kati ya pikipiki zetu tisa, sita ni KTM, zile za rangi ya machungwa ambazo hata ukizifunika turubai watu wanazijua.

Kwa asiyejua, KTM ni kampuni ya Austria. Hans Trunkenpolz alifungua karakana yake katika mji mdogo wa Mattighofen mwaka 1934, na mwaka 1953 akaungana naye Ernst Kronreif. Herufi zile tatu ni majina yao mawili na jina la mji. Katika mbio za Dakar, zinazokata majangwa kwa wiki mbili, pikipiki zao zilishinda kila mashindano yaliyofanyika kuanzia 2001 hadi 2019, mara 18 mfululizo. Mwaka 2016 aliyeshinda juu ya KTM alikuwa Toby Price, kijana wa hapa hapa New South Wales na Mwaustralia wa kwanza kuzishinda mbio hizo. Alirudia mwaka 2019. Basi mtaelewa kwa nini tulivimba vichwa. Tulikuwa wageni katika nchi hii, lakini tukikutana na Mwaustralia msituni akaiona rangi ile, alisimama kutusalimu kama ndugu zake.

Tarehe 29 Novemba 2024 KTM ilikwenda mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni yake. Siku ile simu zetu hazikulala. Kila mmoja alituma alichosikia, na asiyesikia kitu alituma alichodhani. Kiwanda kinafungwa moja kwa moja. Vipuri vitakwisha kabla ya Pasaka. Kila kitu kinahamishiwa India, na kitakachotoka huko kitakuwa bati tupu lililopakwa rangi ya machungwa. Mwenzetu mmoja, ambaye ana watoto watatu na mkopo wa nyumba, aliogopa kubaki na chuma kisicho na thamani. Januari 2025 aliiuza pikipiki yake kwa bei ambayo hatutaitaja hapa kwa heshima yake. Wiki chache baadaye tulikuwa bado tunapata vipuri kama kawaida. Na mwezi ule ule wa Januari Mwaustralia mwingine, Daniel Sanders, aliishinda Dakar kule Saudi Arabia juu ya KTM, huku kampuni yenyewe ikiwa mikononi mwa mahakama.

Yaliyofuata yanajulikana. Februari 2025 wadai walikubali kulipwa asilimia 30 ya madai yao. Mwezi Mei kampuni ya Bajaj ya India, ambayo tayari ilikuwa na hisa, ilipanga fedha zinazofikia euro milioni 800 ili KTM isife. Ilipofika Novemba 2025 Bajaj ilishika usukani rasmi, na kampuni mama iliyoitwa Pierer Mobility ikapewa jina la Bajaj Mobility.

Ndipo tunapofika kwenye kisa kilichotufanya tuandike. Habari za zile fedha zilipothibitishwa, mwezi Mei, tulikuwa kwenye shamba la rafiki yetu mmoja karibu na Oberon. Anayeijua Oberon ya mwezi wa tano anaijua baridi yake. Tulikuwa tumezunguka moto, nyama iko juu, na mzaha umekolea. Mmoja wetu akasema, "Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mwendesha bodaboda." Mwingine akadakia, "Afadhali wewe, mimi nangoja wanifungie gurudumu la tatu." Tulicheka mpaka machozi.

Alikuwepo mpwa wa mmoja wetu, kijana aliyekuja mwaka ule kusoma, mwenyeji wa Kahama. Hakucheka. Tulipotulia alisema kwa adabu, "Samahani wajomba, naomba niulize. Hiyo Boxer mnayoicheka ndiyo iliyonisomesha. Baba aliichukua kwa mkopo nikiwa darasa la sita. Mchana anabeba abiria, jioni anabeba magunia ya mpunga, na usiku akiamshwa anampeleka mjamzito zahanati. Sasa aibu iko wapi hapo?"

Hakuna aliyemjibu. Mjomba wake aligeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Tumekuwa tukimjibu tangu siku ile, na tunaomba mtuvumilie tulifanye jibu letu hadharani.

Utetezi wetu wa kwanza ulikuwa kwamba hatukumdharau mtu, tulihofia kitu chetu kupoteza asili yake. Hoja hii si ya kutupwa. Nani asiyejua duka zuri la mtaani lililobadilisha mwenyewe, likabaki na kibao kile kile na mizani iliyochezewa? Lakini tulipoipima hoja yetu kwa historia ya KTM yenyewe, ilianza kuvuja. Kampuni hii iliwahi kufilisika mwaka 1991 ikagawanywa vipande, na hii tuliyoipenda sisi ilizaliwa upya baada ya hapo. Bajaj iliingia kama mwanahisa mwaka 2007. Tangu 2011 pikipiki ndogo za KTM zimekuwa zikiundwa katika kiwanda cha Bajaj kule Chakan, karibu na Pune. Wawili kati yetu walianzia kwenye pikipiki hizo hizo, wakazisifu. Mgeni tuliyekuwa tunamfungia mlango alikuwa ameshakaa sebuleni miaka 17, na chai yake tumekunywa.

Tena kuna jambo la Husqvarna. Jina hilo la Kiswidi, linalounda pikipiki tangu 1903, liliuzwa kwa Waitaliano mwaka 1987, kisha kwa BMW mwaka 2007, na mwaka 2013 likaangukia mikononi mwa bosi wa KTM. Wapenzi wa Husqvarna waliponung'unika, sisi tuliwaambia waache uzee. Yetu ilipokuwa inameza wengine tuliita maendeleo, na zamu yetu ilipofika tukaita msiba.

Watu wa pwani wana mfano wao wa jambo hili. Jahazi likikaa baharini, fundi hulitoa ubao mmoja leo na mwingine mwaka kesho, hubadilisha mlingoti, hushona tanga jipya, mpaka siku moja hakuna kipande kilichobaki cha siku ya kwanza. Bado watu wa Lamu watakuambia ni jahazi lile lile. Linauzwa, nahodha anabadilika, na bado ni lile lile. Wanaliacha kuliamini pale tu fundi anapoanza kuziba kwa uzembe. Kwa hiyo swali la haki kuhusu KTM ni hili: mafundi wa Mattighofen watabaki wangapi, watapewa muda wa kufanya kazi yao sawasawa, na kitakachotoka mikononi mwao au mikononi mwa wenzao wa India kitapimwa kwa kipimo gani? Maswali haya anaweza kuulizwa mmiliki yeyote, awe wa Austria au wa Pune. Na tukumbuke kwamba kampuni ilifikishwa mahakamani chini ya uongozi ule ule wa Austria ambao hatukuwahi kuutilia shaka.

Mmoja wetu anapinga hapa, na tumemwahidi kuyaandika maneno yake. Anasema anayejua kuunda chombo rahisi na cha bei nafuu hajui lazima kuunda chombo cha mashindano, na kwamba mwenye mazoea ya kubana gharama atabana hata pasipobanika. Kulisema hilo, anasema, si dharau, ni tahadhari ya mnunuzi. Tunakubali. Lakini tulimwomba akumbuke usiku ule wa Oberon na aseme kwa ukweli kama mzaha wetu ulikuwa juu ya gharama. Alikiri kwamba haukuwa. Tulicheka kwa sababu Bajaj ni chombo cha kwetu. Tanzania jina la kampuni limegeuka kuwa jina la gari la magurudumu matatu, na Boxer imejaa kuanzia Kampala mpaka Kahama. Kile kinachombeba shangazi kwenda sokoni kiliwezaje kukaa pamoja na kile kinachotupa heshima mbele ya Waaustralia? Uvumi wa bati tupu tuliuamini haraka, bila kuuliza nani kasema, kwa kuwa dharau ilikuwa imeshautandikia mkeka. Aliyelipia ni yule mwenzetu aliyeuza.

Hapo ndipo panapotuuma, ndugu wasomaji, maana sisi wa Sydney tunajua upande wa pili wa dharau hiyo. Kati ya tisa sisi yupo muuguzi aliyehudumu wodini miaka kumi kabla ya kuja hapa, akaambiwa vyeti vyake vya huko vichunguzwe kwanza. Yupo mhandisi aliyeanza kwa kuendesha teksi. Kila mmoja wetu ameshakaa mbele ya meza akaona mtu anasoma mahali alikosomea, kisha anafunga faili kabla ya kusoma alichofanya. Tumeandika juu ya jambo hilo katika kurasa hizi hizi, tena kwa uchungu. Tulitaka tupimwe kwa kazi ya mikono yetu. Kisha likatujia jambo dogo la pikipiki, na sisi tukasoma mahali kilikotoka na kufunga faili. Mkataa kwao ni mtumwa, na sisi tuliikataa kwetu huku tunacheka.

Hebu tupime kazi basi. Pikipiki ya Dakar inakimbia wiki mbili, na usiku mafundi wanaifungua yote na kuifunga upya. Ile Boxer ya Kahama inakimbia kila siku ya Mungu, kwenye vumbi na tope, imepakia watu wawili au watatu na gunia, na fundi wake ni mtu mmoja chini ya mwembe mwenye spana chache na waya. Hatusemi moja ni bora kuliko nyingine, kwa kuwa hazikuundwa kwa kazi moja. Tunasema kwamba aliyeunda chombo kinachostahimili maisha hayo hawezi kuitwa asiyejua kazi.

Na wakati sisi tunalilia rangi ya machungwa, kuna watu hatukuwataja hata mara moja katika zile jumbe zetu zote: wafanyakazi wa Mattighofen waliopoteza ajira, na wenye karakana ndogo zilizouza vyuma kwa KTM, ambao kwa kila euro 100 walizokuwa wanadai walikubali kupokea 30. Hao ndio waliotengeneza kitu tulichosema tunakipenda. Kama upendo wetu ungekuwa wa kweli, ungewauliza wao kwanza kabla ya kuuliza bei ya kuuzia.

Tumefanya mambo mawili. Tulichanga, tukamrudishia mwenzetu sehemu ya hasara yake, maana hofu aliyouzia ilitoka kwenye simu zetu. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akapokea. Na tumekubaliana kwamba habari isiyo na mwenyewe haitumwi tena kwenye kikundi. Mpaka sasa tumelivunja sharti hilo mara tatu, lakini angalau tunaonana haya.

Asubuhi ile ya Oberon, umande ulipoyeyuka, mjomba mtu alimpa mpwa wake ufunguo wa KTM yake. Kijana aliizunguka kwanza, akakagua cheni na matairi kama mtu aliyelelewa na bodaboda, kisha akaipandisha kile kilima cha udongo mwekundu ambacho wawili kati yetu hukishuka kwa miguu. Aliporudi tulimsogelea wote, tukangoja hukumu.

"Ni nzuri sana, wajomba," alisema. "Ina nguvu, na haitetemeki." Akakitazama kile kiti chembamba. "Lakini mama mjamzito utampakia wapi?"